UZI: Maegesho kwenye mitaa ya makazi jirani na chuo kikuu. Hesabu magari kwanza, vibao baadaye

Mpimaji_Njia (mwanzisha uzi)

Wakuu,

Kila muhula ukifunguliwa wimbo ni ule ule. Mkazi anatoka asubuhi, akirudi saa tano hana pa kuweka gari, geti limezibwa nusu na kona zote mbili zimejaa. Mtaa unakaa kikao, kikao kinatoka na azimio moja: wasio wakazi wapigwe marufuku kutwa nzima. Hiyo ndiyo dawa ghali kuliko zote, na inaanza kumuumiza mkazi mwenyewe kabla ya mwanachuo. Msiagize kibao hata kimoja kabla ya kuhesabu.

Anza na nafasi. Chukua upande mmoja wa mtaa, kona hadi kona, tuseme mita 120. Toa mita 5 kila kona, zinabaki 110. Toa mageti matano ya mita 4 kila moja (mlango mita 3, na nusu mita kila upande ili gari likate bila kupanda ukingo), zinabaki 90. Gawanya kwa mita 6 za gari moja, unapata magari 15. Sasa shika utepe uende mtaani. Zile mita 90 hazipo pamoja, mageti yamezikata vipande sita: 22, 9, 17, 11, 20 na 11. Vinabeba magari matatu, moja, mawili, moja, matatu na moja. Jumla 11. Yale manne yaliyokuwepo kwenye karatasi tu ndiyo yanayoziba mageti, maana kipande cha mita 11 kinamshawishi dereva wa pili ajibane, na mkia wa gari lake unabaki mbele ya nyumba ya mtu.

Halafu hesabu magari, raundi nne kwa siku: saa 10 na nusu alfajiri, saa 4 na nusu asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku. Jumanne hadi Alhamisi, wiki ya tatu hadi ya sita ya muhula. Wiki ya kwanza kila mtu anahudhuria, wiki za mitihani ratiba imevurugika, Ijumaa wengi wameshaondoka. Rudia siku moja ya likizo ili uone mtaa ulivyo bila chuo. Andika tarakimu na herufi nne za mwisho za namba ya gari, basi. Zinatosha kulinganisha raundi, na daftari lako haligeuki orodha ya nani kalala wapi.

Raundi ya alfajiri watu wanaikwepa kwa sababu ya usingizi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Gari lililopo alfajiri ni la mkazi, au la mgeni wa mkazi. Mfano kwenye ule upande wenye nafasi 11: alfajiri magari 8. Saa 4 na nusu magari 13, maana yake mawili yapo kwenye kona au geti. Katika 13, matano yalikuwepo alfajiri, manane ni mapya. Saa 8 mchana, sita kati ya manane bado yapo pale pale. Tatizo lenu basi ni magari sita ya kutwa. Hayo sita yakiondoka yanabaki saba kwenye nafasi 11, na hakuna atakayelalamika. Kipimo kinachotumika sana ni kile alichokipigia debe Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles: mtaa ukijaa takriban asilimia 85 bado anayekuja anapata nafasi bila kuzunguka. Kwa nafasi 11, hiyo ni magari 9.

Mnaotumia vikomo vya muda au vibali, wekeni nyama.

---

KibaoKimoja

Mkuu umepigilia msumari kwenye yale sita ya kutwa. Kama adui ni gari la kutwa, katazo la saa moja linatosha. Kibao kinasema: 10:00 hadi 11:00, Jumatatu hadi Ijumaa, wenye vibali tu. Nje ya saa hiyo mtaa uko wazi kwa yeyote. Anayekuja darasani saa 2 asubuhi hadi saa 9 mchana hawezi kuacha gari hapo. Fundi bomba anayekuja mchana anaweza, na shangazi aliyekuja kusalimia jioni anaweza. Afisa anapita mara moja tu: akikuta gari halina kibali saa 4 na robo, kosa limeshakamilika, hana haja ya kurudi kuthibitisha kitu.

Kikomo cha saa mbili kinasifiwa sana, na jirani na chuo ndicho kinachofeli vibaya. Kipindi cha darasa ni saa moja au mbili, kwa hiyo kikomo kimemkaa mwanachuo kama nguo ya kupimwa. Akitoka darasani anasogeza gari nafasi tatu mbele, anarudi. Ukitaka kukitumia lazima kiambatane na sharti la kutorudi ndani ya eneo zima, si kwenye kipande kile kile, kwa saa nne au zaidi. Na afisa lazima apite mara mbili, gharama inakuwa maradufu.

Gawa eneo ili katazo lizunguke: A 10:00–11:00, B 11:00–12:00, C 13:00–14:00. Afisa mmoja wa miguu, anayesoma namba na kuandika faini mbili tatu, asipangiwe zaidi ya kilomita 2 hivi za ukingo kwa saa. Ila kanda za A na B zisipakane zikiwa fupi, maana watu watahama kutoka B kwenda A saa 5 kamili kama kundi la ndege. Na chuo chenye madarasa mengi ya mchana kinahitaji saa ya pili, 14:00–15:00.

---

Stika_Buluu

Yote sawa, lakini mmekimbilia vibao. Vibali ndiko mradi unakofia.

Kwanza ieleweke: kibali si nafasi. Ukitoa vibali 30 kwa mtaa wa nafasi 22, umeuza foleni. Ile raundi ya alfajiri ndiyo inakuonyesha. Kama alfajiri tu mtaa umefika asilimia 95, wanachuo wa kutwa hawahusiki na kibao hakitasaidia. Hapo wakazi wenyewe wana magari mengi kuliko mtaa, na dawa ni idadi na bei. Mtindo unaofanya kazi: kila anwani vibali viwili, cha pili kighali kuliko cha kwanza, cha tatu kwa bei inayouma na pale tu hesabu inaporuhusu.

Pili, nyumba za kupanga. Nyumba yenye vyumba sita na wapangaji sita wanachuo ni anwani moja. Ukihesabu kwa mpangaji unapata magari sita mbele ya ukuta wa mita 12. Hesabu kwa anwani, wenyewe watagawana. Ila msijaribu kuwanyima kwa sababu ni wanachuo. Anayelala pale ni mkazi kama mwingine, na sheria inayobagua kwa kazi au masomo haimalizi mwaka bila kufikishwa mahakamani. Kubagua kwa anwani ni jambo jingine: kesi ya Arlington, Virginia, ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na mwaka 1977 ikaamuliwa kwamba mji unaweza kuwapa wakazi wa eneo kipaumbele cha kuegesha dhidi ya wanaotoka nje. Mabweni yanayomilikiwa na chuo yawekwe nje ya orodha. Hayo maegesho yake ni jukumu la chuo.

Tatu, karatasi. Mkidai kadi ya gari yenye jina la mwombaji mtawakataa nusu ya wapangaji, kwa kuwa magari mengi ya wanachuo yameandikwa kwa jina la mzazi. Pokeeni mkataba wa nyumba pamoja na bima inayomtaja mwombaji kama dereva, na kibali kife siku mkataba unapokwisha. Vibali vyote visife tarehe moja. Vikifa wiki ya kufungua chuo, ofisi inazidiwa, maafisa wanaambiwa "wavumilieni kwanza", na mwezi mzima wa muhula unapita bila usimamizi, mwezi ule ule ambao watu wanajijengea mazoea.

---

Mpimaji_Njia

@Stika_Buluu na vibali vya wageni je? Huko ndiko kwenye soko.

---

Stika_Buluu

Soko kweli, mkuu. Kadi ya mgeni isiyo na tarehe wala namba ya gari inauzwa au kukodishwa kwa muhula mzima. Dalili yake kwenye daftari: gari lile lile, kadi ya mgeni, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 hadi saa 9, wikiendi halipo.

Kwa mfumo wa karatasi tumia kadi za kukwangua: mwezi, tarehe na siku vinakwanguliwa, namba ya gari inaandikwa kwa wino. Wasiruhusiwe penseli, hilo liandikwe kwenye kadi yenyewe. Kwa mfumo wa simu mkazi anaingiza namba ya gari na saa zinakatwa kwenye mgao wake wa mwaka. Uzuri wa simu ni kuweza kufunga namba moja isizidi, tuseme, siku 6 kwa mwezi hata ikiingizwa kutoka anwani tofauti. Ubaya wake ni bibi asiye na simu janja. Muwekee namba ya kupiga, la sivyo atanunua kadi za jirani na mtarudi pale pale. Mlezi wa mgonjwa anayekuja kila siku apewe kibali chake, asiingizwe kwenye hesabu ya wageni.

---

Mlinzi_wa_Kona

Mnazungumza nafasi, mimi nazungumza upana. Gari la kawaida likiwa limeegeshwa, na vioo vyake, linakula kama mita 2. Mtaa wa mita 7 ukiruhusu pande zote mbili unabaki na mita 3. Gari la zimamoto lina mita 2.5 bila vioo, na wanaoshusha vifaa wanahitaji kufungua milango ya pembeni. Mwongozo wa Uingereza unataka mita 3.7 kati ya kingo na kingo. Marekani kanuni ya zimamoto inayotumika sana inataka mita 6.1. Hata ukichukua ile ndogo, mtaa wa mita 7 ni wa upande mmoja tu. Usiibane hesabu hii ili kuridhisha kikao.

Kona ndiyo inayoua. Mita 5 ni kiwango cha Ujerumani, mita 10 ndiyo inashauriwa Uingereza, California sasa inazuia mita 6 hivi kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Rangi peke yake haitoshi, gari litapanda juu ya rangi. Weka kitu kinachosimama: nguzo fupi, au vyuma vya kufungia baiskeli. Nafasi ya gari moja inabeba baiskeli kumi hivi, hazizibi macho ya dereva anayechungulia, na mwanachuo mmoja au wawili watagundua kwamba baiskeli inafika karibu na darasa kuliko gari.

Jambo dogo kuhusu rangi, kwa sababu linarudiwa kila mwaka. Mafundi wanafika muhula umeanza, mtaa umejaa, wanaruka chini ya magari yaliyopo. Mstari unabaki na mapengo ya mita 5, na kila pengo linasomeka kama ruhusa. Wenye faini watashinda rufaa kwa picha moja. Paka likizo, weka tangazo la muda kwenye kila mtaa siku tatu kabla, na siku yenyewe koni ziwekwe usiku, siyo asubuhi.

---

KibaoKimoja

Nakazia kwa kibao chenyewe. Kwetu tunaozungumza Kiswahili kuna mtego ambao wenye miongozo ya Kizungu hawaujui. Ukiandika "saa 4 – saa 5" mmoja anasoma saa nne asubuhi, mwingine anasoma saa 4 ya simu yake, yaani alfajiri. Wote wana haki na wote watakata rufaa. Andika kwa saa 24: 10:00–11:00. Kama lazima maneno yawepo, yawe chini kwa herufi ndogo, "saa nne hadi saa tano asubuhi".

Usiandike pia "wakati wa muhula tu". Mgeni hajui muhula ni lini, na chuo chenyewe kinabadilisha kalenda. Katazo la saa moja linaweza kubaki mwaka mzima bila kumuumiza mtu. Likizo magari ya kutwa hayapo, afisa anapelekwa kwingine.

Urefu: ukingo wa chini wa kibao mita 2.1 juu ya njia ya miguu. Kibao kila mita 30 hadi 60, mshale ukionyesha upande, na kibao cha mwanzo na cha mwisho vitazamane. Pogoa matawi kabla ya kusimamisha nguzo. Kibao chini ya mti kinaonekana vizuri wiki ya kwanza tu.

---

Kalamu_ya_Faini

Naingilia kwenye usimamizi, maana hapo juu pameachwa wazi.

Dereva hapimi ukubwa wa faini, anapima uwezekano. Chukua bei ya kuegesha ndani ya chuo kwa siku iwe moja. Faini iwe kumi. Afisa akipita siku moja katika ishirini, mwanachuo anayeegesha kila siku analipa wastani wa nusu ya bei ya chuo. Umemtengenezea punguzo! Afisa huyo huyo akipita mara mbili kwa wiki, siku mbili katika tano, wastani unakuwa nne kwa siku, na gari linahama. Kupandisha faini mara nane kungeleta wastani ule ule, lakini huleta kelele, rufaa na mahakimu wenye huruma. Ongeza mizunguko, faini iache ilivyo. Na siku zibadilike. Akipita Jumanne na Alhamisi tu, ndani ya wiki tatu kila mtu anajua.

Kwa kikomo cha muda, chaki kwenye tairi ni ya kizamani na inafutwa kwa kitambaa chenye maji. Marekani imeleta ugomvi wa kisheria pia: kesi ya Saginaw, Michigan, mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliona kuchora tairi ni upekuzi, mahakama nyingine ya rufaa mwaka 2022 ikaona chaki inaruhusiwa. Kinachoshikika zaidi ni valvu, ile ya kujazia upepo tairini. Afisa anaangalia tairi la mbele na la nyuma upande wa ukingo, anaandika valvu ilipo kana kwamba gurudumu ni uso wa saa: "mbele 3, nyuma 8". Akirudi baada ya saa mbili na kukuta 3 na 8, gari halijasogea. Gurudumu moja kurudi mahali pale pale ni bahati ya moja kwa kumi na mbili. Yote mawili kurudi pamoja ni nadra, kwa sababu gari likikata kona tairi la mbele na la nyuma hayasafiri umbali sawa. Na hapa tena saa yetu: mkubaliane kabisa kwamba inaandikwa tarakimu iliyochapwa kwenye uso wa saa, siyo tunavyotamka. Wa zamu ya kwanza akiandika 9 na wa pili akaandika 3 kwa valvu ile ile, ushahidi umekufa.

Picha nne kwa kila faini: namba ya gari, kioo cha mbele kizima (kibali hakipo), kibao kilicho karibu, na moja ya mbali yenye gari na kibao pamoja. Ile ya mbali ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayoamua rufaa. Wiki mbili za kwanza toa onyo la karatasi bila faini, lenye ramani ndogo nyuma inayoonyesha pa kwenda.

---

Mlinzi_wa_Kona

Pa kwenda ndipo penye swali, kaka. Yale magari sita hayayeyuki.

---

Mpimaji_Njia

Yanahamia mtaa wa pili, kisha wa tatu. Ndiyo sababu eneo lisichorwe mtaa kwa mtaa kufuata nani kalalamika zaidi. Lichore hadi kwenye kizuizi halisi: reli, mto, barabara kuu. Mwanachuo anatembea dakika kumi bila shida, karibu mita 800, kwa hiyo ukizuia mita 300 umesogeza tatizo tu. Hesabu mitaa ya pembezoni kabla ya kibao cha kwanza kusimama, na kikao kipitishe mapema masharti ya kuipanua: tuseme saa 4 na nusu mtaa umezidi asilimia 85 na zaidi ya robo ya magari hayakuwepo alfajiri. Masharti yakiwepo, miezi mitatu baadaye hamgombani, mnafungua daftari.

Kuna njia nyingine watu hawaipendi kuisikia. Ukiondoa magari ya kutwa, mitaa ya mbali na chuo inabaki nusu tupu mchana. Boulder, Colorado, jirani na chuo kikuu, wameuza vibali vichache vya wasio wakazi kwa kila kipande cha mtaa badala ya kuacha nafasi tupu. Austin, Texas, mitaa ya magharibi mwa chuo iliwekewa mashine za kulipia maegesho na sehemu ya mapato ikarudi kwenye njia za miguu za eneo lile lile. Mkazi anayeona lami mpya mbele ya nyumba yake hapigi kelele sana kuhusu gari la mgeni lililolipiwa.

---

Stika_Buluu

Na chuo kibanwe kwenye namna ya kuuza. Kibali cha muhula kikishalipwa, mtu anakuja na gari kila siku ili "asile hasara". Asiyekinunua kwa sababu anakuja siku mbili kwa wiki ndiye anayeingia mitaani. Tiketi za siku, zinazonunuliwa moja moja, zinatibu wote wawili. Waombeni pia takwimu za maegesho yao saa 4 na nusu; mara nyingi uwanja wa mbali uko nusu tupu kwa sababu basi la ndani linapita kila dakika 30. Likipita kila dakika 10 ule uwanja unajaa wenyewe.

---

Kalamu_ya_Faini

Msisahau siku za kuhamia na mahafali. Siku hizo mbili tatu simamisha katazo rasmi kwa tangazo, tenga nafasi za kushusha mizigo za dakika 20, mtu mmoja kila kona. Ukijaribu kutoza faini wazazi 200 wenye magodoro juu ya gari utapoteza rufaa zote na afisa atapoteza sauti.

---

Mpimaji_Njia

Sawa. Nitapandisha hapa fomu tupu ya raundi nne. Safu ni: kipande, upande, herufi nne, 04:30, 10:30, 14:00, 20:00, na moja ya "kona/geti". Anayeichapa aichape kwa upande mrefu wa karatasi, la sivyo safu ya mwisho inakatika, na hiyo ndiyo mnayoihitaji kwa zile nguzo za Mlinzi.